Ukichagua Somo la Kompyuta Ukiwa Kashojwa

Mwanafunzi anayeanza S1 katika sekondari ya Uganda hupangiwa masomo 11 ya lazima, Kiswahili likiwa mojawapo, kisha huachiwa kuchagua moja liwe la 12. Orodha ya kuchagua ina kilimo, sanaa, Kifaransa, fasihi ya Kiingereza, lishe na mengine, na humo imo TEHAMA, ambayo wanafunzi huiita ICT au "kompyuta" tu. Katika nyumba nyingi za Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, uamuzi huo huwa wa familia nzima. Baba husema kompyuta ndiyo kazi ya kesho. Mama huuliza mtoto atafanyia wapi mazoezi ya kitu kisichokuwepo nyumbani. Mtoto mwenyewe amekwisha kujiona akitengeneza programu za simu. Wote watatu wana haki ya kujua wanachokwenda kukikuta, na ninawaandikia wote.

Nianze na mtoto, maana yeye ndiye atakayevunjika moyo mapema asipoambiwa. Mtaala wa sasa wa kidato cha chini ulianza mwaka 2020, na waliofanya mtihani wa kwanza wa UCE, ule wa mwisho wa S4, chini yake ni wa mwaka 2024. Katika mtaala huo, kompyuta ya shuleni ni zaidi somo la kuitumia mashine kuliko somo la kuiandikia programu. Utajifunza sehemu za kompyuta na kazi zake, kutunza mafaili na folda, kuandika barua na ripoti, kupanga mahesabu katika Excel, kuandaa maonyesho ya skrini, kutengeneza vipeperushi, kutumia intaneti kwa usalama. Kuandika programu kumepewa nafasi ndogo. Ukiingia darasani ukitegemea kwamba muhula wa tatu utakuwa na programu yako kwenye simu za watu, utaona umepotezewa muda, na nimewaona vijana wenye akili wakiliacha somo kwa sababu hiyo hiyo.

Wamelidharau mapema mno. Mtu anayeijua Excel sawasawa ana kazi ndani ya Nakivale kabla hata ya kumaliza shule. Chukua kikundi cha kuweka akiba, kile ambacho Wakongo wengi hukiita AVEC. Wanachama 20, hisa moja shilingi 2,000, kila mtu ananunua kati ya hisa moja na tano kwa wiki. Daftari la mwandishi limejaa mistari iliyokatwa, na siku ya kugawana fedha mwisho wa mwaka ni siku ya kutazamana kwa mashaka. Kwenye Excel majina hukaa safu ya A, idadi ya hisa safu ya B, bei ya hisa huandikwa mara moja tu katika kisanduku E1, na safu ya C hufanya hesabu kwa fomula =B2*$E$1. Zile alama za dola ndizo zinazofundisha. Ukiziacha, kisha ukaivuta fomula kuelekea chini, mstari wa pili utaitafuta bei katika E2, ambako hakuna kitu, na jibu litakuwa sifuri. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini sifuri imetokea amekwisha kuelewa jambo ambalo mwandishi wa programu hulitumia kila siku: tofauti kati ya kutaja thamani na kutaja mahali thamani ilipohifadhiwa. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni sayansi ya kompyuta, lakini ndiyo.

Sasa swali la mama, ambalo ndilo zito. Mashine hazitatosha. Tegemea foleni, wanafunzi watatu, wanne au zaidi kwa kompyuta moja, kipindi kinachoisha kabla zamu yako haijafika, na siku ambazo sola haina nguvu na chumba cha kompyuta kimefungwa. Shule za mjini Mbarara zenye jina hazina shida hii kwa kiasi hicho, na mtihani hautauliza ulisomea wapi. Ukikaa kusubiri siku mashine zitakapoongezeka, utafika S4 ukiwa mtazamaji.

Ushauri wangu mkubwa kuliko wote katika makala haya ni huu: fika kwenye mashine ukiwa na kazi iliyokwisha kufikiriwa kwenye daftari. Kama kesho ni kipindi cha Excel, leo jioni chora jedwali lako kwa rula, andika vichwa vya safu, andika fomula kwa penseli katika kila kisanduku inapotakiwa, kisha piga hesabu ya mistari miwili kwa kichwa na uandike majibu pembeni. Ukipata dakika kumi za kibodi, huna haja ya kufikiri tena. Unachapa, unalinganisha jibu la mashine na lako, na yakitofautiana una swali la kumpelekea mwalimu. Mwenzako aliyekuja mikono mitupu atazitumia dakika zake kumi akijiuliza aanzie wapi. Kama ni barua, iandike yote kwa mkono, weka alama mahali pa herufi nzito, pa kupigia mstari, pa jedwali. Kama ni maonyesho ya skrini, gawa ukurasa wa daftari vipande sita na uchore kila kipande kitakavyoonekana.

Asikudanganye mtu kwamba hii ni njia ya maskini. Mwaka 1948 Mwingereza Alan Turing, mmoja wa waasisi wa taaluma hii, alianza na mwenzake David Champernowne kuandika kanuni za kuiwezesha mashine kucheza sataranji. Hapakuwa na kompyuta yoyote wakati huo iliyoweza kuzibeba kanuni hizo. Mwaka 1952 Turing alicheza dhidi ya Alick Glennie yeye mwenyewe akiwa ndiye mashine: alizifuata kanuni zake mstari kwa mstari kwa karatasi na kalamu, na kila hatua ilimchukua karibu nusu saa. Alishindwa mchezo ule, lakini programu ilikuwa imekwisha kuandikwa, na kufanya kazi, bila umeme.

Nanyi Kashojwa mna mchezo unaofaa kwa zoezi hilo hilo. Waganda wanauita omweso, Wanyarwanda na Warundi igisoro: mashimo 32 katika mistari minne, kete 64. Kaa na mwenzako mwandike kanuni za zamu moja kwa namna ambayo mtu asiyewahi kuuona mchezo angeweza kucheza bila kuuliza neno. Mtaanza kwa urahisi: chagua shimo upande wako, chota kete zote, dondosha moja moja kwenye mashimo yanayofuata. Kisha taabu itaanza. Je, shimo lenye kete moja linaruhusiwa kuanzishwa? Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unachota tena na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, zamu imekwisha. Lakini kama imeangukia shimo lenye kete katika mstari wa ndani, na mashimo mawili ya mpinzani yaliyo mkabala yana kete, hapo unakula, na kete ulizokula unaanza kuzipanda kutoka wapi? Mmoja wenu awe mashine: afuate karatasi tu, asitumie ujuzi wake hata kidogo. Mtashangaa ni mara ngapi ataganda kwa sababu karatasi haikusema.

Hapo mmekwisha kuandika "rudia mpaka" na "ikiwa, la sivyo", ambavyo ni viungo viwili vya karibu kila lugha ya programu duniani. Siku mtakapokutana navyo kwenye Python, mtakuwa mnajifunza tahajia yake tu. Kwa upande wangu, ningemchukua mwanafunzi aliyeandika kanuni za igisoro mpaka zikakamilika, nikamwacha aliyenakili programu kumi kutoka kwenye simu bila kujua kwa nini zinafanya kazi.

Kuna jambo linalowakumba hasa watoto waliosoma Goma, Bukavu, Uvira au Bujumbura kabla ya kufika hapa, na sijaona mtu akiwaonya. Kompyuta nyingi walizoziona huko zina kibodi ya Kifaransa. Herufi A iko mahali ambapo kibodi ya Uganda ina Q, Z iko mahali pa W, M iko kulia kwa L, na namba za juu hazitoki mpaka ubonyeze Shift. Mtoto aliyekuwa anachapa haraka atajiona amerudi nyuma, neno la siri litakataa, wenzake watacheka. Huchukua wiki chache tu vidole kuzoea. Kinachosumbua zaidi ni Excel yenyewe. Kaka aliyejifunza kwa Kifaransa atakufundisha =SOMME(C2:C21), na kwenye mashine ya shule utaandikiwa #NAME?, kana kwamba umekosea hesabu. Hujakosea. Mashine hiyo inajua SUM. Vivyo hivyo SI huwa IF, na vile vitenganishi ambavyo kwa Kifaransa ni nuktamkato huwa mkato. Tenga kurasa mbili za nyuma za daftari, chora safu tatu, Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili, na uzijaze kila unapokutana na amri mpya. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, kwa hiyo safu ya katikati ndiyo ya kukariri, lakini hizo mbili nyingine ndizo zitakazokueleza unakariri nini.

Kuhusu alama. UCE ya sasa hutoa asilimia 20 kwa kazi zinazopimwa shuleni katika safari yenyewe ya masomo na 80 kwa mtihani wa mwisho. Maana yake kwa somo hili ni kwamba faili lililopotea ni alama zilizopotea. Bonyeza Ctrl na S kila baada ya aya moja, usisubiri mwisho wa kazi, maana umeme wa sola haupigi hodi ukiondoka. Weka nakala kwenye flashi yako, na nyingine kwa mwalimu au kwenye barua pepe yako. Flashi inayozunguka darasa zima hubeba virusi, basi iombe ikaguliwe kabla hujafungua kitu. Faili lipe jina linaloeleweka, lenye jina lako na kazi yenyewe, si "Document1", kwa sababu kwenye mashine moja ya watu watano kutakuwa na "Document1" tano. Kwenye mtihani wa vitendo soma maelekezo yote kabla ya kugusa kibodi, na weka jina na namba yako pale yanapotaka.

Na tukiwa kwenye majina: siku ya kusajiliwa kwa mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, mzazi aende na karatasi za familia zilizotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, mlinganishe jina herufi kwa herufi. Jina lililoandikwa kwa L mahali pengine na kwa R mahali pengine litakuja kukusumbua siku ya kuomba ufadhili, wakati ambao kulirekebisha ni safari na gharama.

Baba sasa. Ni kweli kwamba kompyuta ina kazi, lakini njia ya kuifikia haipiti pale unapodhani. Ukifika kidato cha juu, S5 na S6, TEHAMA si somo kuu tena. Ni somo la nyongeza lenye pointi moja, na wanaolisoma ni wale waliochukua Hisabati kama somo kuu pamoja na baadhi ya wanafunzi wa sanaa. Mwanasayansi asiyechukua Hisabati hupelekwa kwenye hisabati ndogo. Kwa hiyo haiwezekani kuingia chuo kikuu kusomea sayansi ya kompyuta kwa nguvu ya TEHAMA ya shuleni. Kitakachokuingiza ni Hisabati, ikifuatiwa na Fizikia au Uchumi kulingana na chuo. Mtoto anayepata alama za juu za kompyuta huku Hisabati ikimshinda, na anasema anataka kuwa mhandisi wa programu, anahitaji msaada wa Hisabati mwaka huu huu, akiwa bado S2, si baada ya matokeo ya UCE. Ikiwa kuna fedha ya masomo ya ziada ya somo moja tu, ningeiweka kwenye Hisabati bila kusita.

Mwenye kupenda Kifaransa na anayejua kitampa alama bila jasho asilazimishwe kukiacha. Kuanzia S3 mwanafunzi anaweza kubeba hadi masomo mawili ya kuchagua, na Kifaransa pamoja na kompyuta ni mchanganyiko mzuri kwa mtoto ambaye huenda siku moja akafanya kazi kati ya Mbarara na Bukavu. Mradi shule yenyewe iwe na walimu wa yote mawili. Ulizeni hilo kabla ya kulipa chochote. Ulizeni pia kompyuta ngapi zinawaka, si ngapi zipo, na kama wanafunzi wa S1 huruhusiwa kuzigusa au zimewekewa watahiniwa wa S4. Majibu ya maswali hayo mawili yatawaeleza mengi kuliko kibao cha shule.

Mbarara iko karibu kiasi cha kufaa, ikiwa safari imepangwa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, kina kitivo cha kompyuta, na watoto wa Nakivale wanapaswa kukijua kama kitu kilicho upande wao wa nchi, siyo hadithi ya Kampala. Wakati wa likizo, kama familia ina shughuli mjini, mpe mtoto saa moja kwenye kafe ya intaneti. Saa hiyo ina bei, na bando nayo inatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, kwa hiyo aende na orodha iliyoandikwa: vitu vya kupakua, si vya kutazama. Ningeweka kwanza Scratch, programu ya kujifunzia kuprogramu kwa kupanga vipande, ambayo hufanya kazi bila intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta na ambayo menyu zake zinapatikana pia kwa Kiswahili. Mwenye simu ya Android aweke Pydroid 3, inayoendesha Python ndani ya simu bila mtandao. Kuchapa programu kwenye simu ndogo kunachosha macho, lakini programu ya mistari kumi iliyoandaliwa kwenye daftari inaingia vizuri. Ukirudi Kashojwa, faili la kuwekea Scratch linagawika kwa flashi, na mmoja akilipa wengi wanafaidi.

Mtakutana pia na matangazo ya kozi fupi za kompyuta zenye cheti mwishoni. Nyingine ni nzuri kwa kuzoesha vidole. Hakuna hata moja inayochukua nafasi ya UCE, na anayekuahidi kazi ya mtandaoni kwa sharti la kumtumia fedha kwanza ni mwizi.

Ufadhili wa chuo kikuu upo, ingawa wanaoutafuta ni wengi mno. Unaojulikana zaidi kwa wakimbizi ni DAFI, unaosimamiwa na UNHCR kwa fedha za Ujerumani hasa, tangu mwaka 1992. Wanaoupata ni wenye matokeo ya UACE, mtihani wa mwisho wa S6, yaliyosimama, na tumekwisha kuona ni masomo gani yanayosimamisha matokeo ya mtu wa kompyuta. Aliyemaliza sekondari Kongo au Burundi na anataka kuendelea hapa aanze na UNEB, ambayo hulinganisha vyeti vya nje na vya Uganda. Aanze mapema, maana bila karatasi hiyo hakuna dirisha litakalomfungulia.

Nimebakiza jambo linaloniuma. Kwenye kundi la wanafunzi wanne na kipanya kimoja, tazama ni mkono wa nani ulio juu ya kipanya. Mara nyingi ni wa mvulana mmoja, yule aliyekwisha kuzoea, na wasichana wamekaa pembeni wakiandika anachokifanya. Wanapata alama nzuri za nadharia kwa sababu wameandika vizuri, kisha kwenye mtihani wa vitendo, ambapo kila mtu yuko peke yake mbele ya skrini, vidole vinagoma. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi hawezi kuliona kila siku. Dada, usiombe zamu kwa upole: kubalianeni kabla ya kipindi, kila mmoja dakika kadhaa kwa saa ya ukutani, na anayeshika kibodi haambiwi cha kubonyeza mpaka aulize mwenyewe. Kaka unayejua zaidi, kaa juu ya mikono yako. Na mzazi, msichana akirudi kutoka kipindi cha kompyuta, usimuulize mmesoma nini. Muulize leo umeshika mashine kwa muda gani. Akikujibu "sikushika" wiki mbili mfululizo, nenda shuleni ukamwone mwalimu wa somo, kwa heshima, ukiwa na swali hilo hilo.